Karieri shambani na watu wa vitu vya kale: kubalini kazi, kataeni tarehe

Ndugu uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili. Kwa wenzangu ambao hawakuliona: familia yake ina hekta kumi hivi nje ya Lubumbashi, Kongo, upande wa barabara ya Kasenga, mahindi na mihogo. Kampuni inataka kufungua karieri, yaani machimbo ya mawe, hapo. Imesema kwanza italeta watu wa kutafuta vitu vya kale, waje mwezi wa pili, siku tatu, waondoke. Mjomba wake anasema ni ujanja wa kuchelewesha malipo. Ndugu yetu anataka kujua wakubali au wakatae.

Kubalini kazi, kataeni tarehe.

Mimi sina diplome ya akiolojia. Nilianza kwa kubeba chekeche na ndoo, baadaye nikawa kapita, msimamizi wa vibarua, kwenye kazi kama hizo nne, zote kwenye mashamba ya watu kabla ya karieri. Ninachokueleza nimekiona kwa macho, na kingine nimekipata kwa mabosi wangu waliosoma, jioni, tukinywa munkoyo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mwezi wa pili, kama hiyo yenu. Mahindi yalikuwa yamenipita kichwa. Tulipangwa watu sita, kila mmoja na mstari wake, tukatembea siku tatu tukiwa tumelowa umande hadi kiunoni. Ardhi hatukuiona, tuliona majani. Ripoti ikaandikwa kwamba hakikuonekana kitu, na huo haukuwa uongo. Ila yule aliyeisoma ofisini alielewa kwamba hakuna kitu, akaweka sahihi.

Mwezi wa sita nikarudi kumsalimia mama aliyekuwa anatupikia bukari. Akanitolea ndoo imejaa mawe meusi, mazito, yenye kutu ya kijani kwenye nyufa. Akaniambia, "Mwanangu, haya ndiyo yananivunjia jembe kila mwaka. Si mlikuwa mnatafuta mawe?" Ilikuwa mavi ya shaba, mabaki ya kuyeyusha. Chini ya ndoo kulikuwa na vipande vitatu vya mirija ya udongo, ile ya kupitishia upepo wa mvukuto, mmoja mdomo wake umeyeyuka unang'aa kama chupa. Mama huyu tulikula kwake siku zote tatu na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza jembe lake linagonga nini. Akanipeleka mahali penyewe. Barabara ya malori ilikuwa imekwishapita. Kwenye ukuta wa mtaro wake niliona duara mbili za udongo ulioungua, ndizo tanuri zenyewe, zimekatwa katikati kama papai.

Mpaka leo nikipita kule naangalia upande wa pili.

Sasa, kuna watakaosema hapa, mabaki ya moto wa babu nani anayahitaji? Watu wengi mjini wanadhani shaba ya Katanga ilianza na Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, mwaka 1906 na jiko kubwa la kuyeyushia la 1911, lile la bomba refu la moshi. Lakini Naviundu, hapa hapa kando ya mji, kumechimbuliwa tanuri za kuyeyushia shaba ambazo vipimo vimezirudisha mpaka karne ya 4. Hii misalaba ya shaba tunayoichora kwenye vitambaa na mabango ilikuwa mali, ilifuata njia za biashara mbali sana na hapa, ikazikwa pamoja na wenyewe. Tarehe za namna hiyo hazipatikani kwenye kipande cha mavi ya shaba kilichookotwa. Zinapatikana kwenye mkaa uliobaki ndani ya tanuri, haujaguswa, na juu yake udongo haujavurugwa. Buldoza likishapita una mkaa, lakini huwezi tena kusema ni wa nani.

Mfano mkubwa uko kwa majirani. Kabwe, Zambia, wakati ikiitwa Broken Hill, wachimba madini walikuta fuvu la mtu wa kale sana mwaka 1921, kwenye kilima kilichokuwa na pango limejaa mifupa. Kilima chote kilichimbwa kwa ajili ya risasi na zinki, na mifupa mingine ikaenda humo humo. Fuvu liko London hadi leo. Mpaka mwaka 2020 ndipo wataalamu walipotoa umri wake, karibu miaka 299,000, na ilibidi walipime fuvu lenyewe kwa sababu mahali lilipolala hapapo tena. Karibu miaka mia moja ya kubahatisha, kwa kuwa siku ile hakuna aliyesimamisha koleo.

Turudi shambani kwenu. Kwa kalenda yetu, mahindi yanavunwa mwezi wa nne na wa tano. Ningekuwa ninyi ningesema watu waje kutembea baada ya mavuno, mabua yakishalazwa au kuondolewa. Wakiweza kurudi mara ya pili, siku nzuri kuliko zote ni ile ambayo matuta mapya yamekwishapigwa na mvua ya kwanza au ya pili imeyaosha, kabla mbegu haijaota. Mvua inaosha vumbi, kigae cha chungu kinabaki juu kama kimewekwa sahanini. Nafasi hiyo haidumu, ni wiki mbili hivi, kwa hiyo lazima iandikwe kwenye mpango mapema.

Na kabla ya mtu yeyote kutembea, waketi na ba mama wanaolima. Wasiketi na shefu, mkuu wa kijiji, peke yake, maana shefu atawaonyesha makaburi anayoyajua na mti wa mizimu, na hayo ni ya lazima, lakini jembe haliko mkononi mwake. Waulize ni wapi linagonga, wapi mahindi yanakuwa mafupi au yanakuwa mazuri kupita kiasi, wapi udongo ni mweusi bila sababu. Kwenye kazi yangu ya tatu, saa mbili za maswali hayo zilitupa sehemu tano, na nne zilikuwa za kweli. Ya tano ilikuwa choo cha zamani. Tulicheka sana, ila nayo tuliiandika.

Kutembea peke yake hakutoshi, na sababu mnayo shambani: vichuguu. Vile vikubwa vya kwetu, vingine virefu kuliko nyumba. Mchwa wanapandisha udongo laini juu mwaka baada ya mwaka, na vitu vizito, vigae na mawe, vinazama taratibu mpaka chini ya mahali jembe linapofika. Kwa hiyo shamba linaweza kuonekana safi na chini yake kuna kijiji. Tena, wayeyushaji wa zamani walipenda udongo wa kichuguu kwa kujengea tanuri, kwa hiyo pembeni mwa kichuguu ni pa kutazama kwa makini. Na ni hapo hapo kampuni huanza kusawazisha, kwa sababu udongo wake ni mzuri kwa barabara na matofali. Kwenye makubaliano yenu andikeni vichuguu visiguswe mpaka vimetazamwa.

Ndiyo maana baada ya kutembea inakuja mitaro ya majaribio. Uingereza, ambako tangu 1990 mwenye mradi ndiye anayetarajiwa kulipia uchunguzi kabla ya kupewa ruhusa, hufungua mara nyingi asilimia 2 hadi 5 ya eneo. Kwa hekta zenu kumi, asilimia 2 ni mita za mraba 2,000. Mtaro wa mita 30 kwa 2 ni mita za mraba 60, kwa hiyo ni kama mitaro 33, imetawanywa shamba zima, isirundikane pale panapofikika kwa gari. Eskavata iwe na ndoo laini isiyo na meno, ikwangue kidogo kidogo, na mtu asimame mbele yake akiangalia rangi ya udongo. Akiinua mkono, mashine inasimama. Dereva asiyekubali kusimamishwa na kijana wa chekeche arudishwe mjini siku hiyo hiyo, nimeshaona ugomvi huo.

Hapa kwetu kuna shida mbili ambazo vitabu vya Ulaya havizisemi sana. Udongo ni mwekundu, na udongo ulioungua nao ni mwekundu. Kiangazi kikishika, ardhi inakuwa kama tofali na rangi zote zinafanana. Tulitumia pampu ya mgongoni ya kupulizia dawa, tukaijaza maji, tukalowesha sakafu ya mtaro; dakika chache tanuri likajitokeza kama picha. Ya pili ni kile chombo cha kupima usumaku wa ardhi ambacho wageni hukisifia. Kinaona moto wa zamani vizuri, lakini ardhi yetu ina chuma kila mahali na inakipigia kelele. Msikubali chombo hicho kichukue nafasi ya mitaro.

Jambo lingine, na hapa ndipo familia nyingi zinapoumia: eneo la uchunguzi. Kampuni itachora duara kwenye shimo la mawe na kusema "hapa." Shimo ni nusu tu ya habari. Kuna barabara ya malori, uwanja wa mashine ya kuvunja kokoto, mahali pa kurundika udongo wa juu, mtaro wa maji, kambi ya wafanyakazi. Zile duara nilizoziona zimekatwa kama papai zilikuwa mita mia mbili na zaidi kutoka shimoni. Ombeni ramani ya vitu vyote hivyo kabla ya uchunguzi, na yeyote atakayehamisha barabara baadaye aanze upya kwenye kipande hicho.

Kuhusu malipo, mjomba ana haki ya kushuku. Mwambieni mambo mawili. Anayelipia uchunguzi ni mwenye karieri, si ninyi, hata kwa chakula cha wafanyakazi. Na kitu kikipatikana hakifanyi shamba liwe la Serikali ghafla: kwa sheria ya 1973 ardhi ya nchi hii tayari ni ya Serikali, ninyi mna haki ya kuitumia, na ni haki hiyo inayofidiwa. Fidia ya mitaro iandikwe mbali na fidia ya karieri, maana karieri inaweza isifunguliwe kamwe na mitaro imeshakata mihogo yenu. Hesabuni miti na mimea kabla ya mtaro wa kwanza, na shahidi awepo. Kwenye kufukia, udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine, urudi kwa mpangilio wake. Wakichanganya, mahindi ya mwaka kesho yatakuwa ya njano kwenye mistari ya mita 30, na hakuna atakayekuja kuyatazama.

Uchunguzi ukiisha bado kuna siku ya kukwangua udongo wa juu wote. Siku hiyo mtu wa vitu vya kale lazima awepo tena, kwa sababu mitaro imeona asilimia mbili tu. Kanuni ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inasema kazi ikifichua vitu vya kale mwenye kibali asivihamishe, na aziarifu kwa maandishi bila kuchelewa mamlaka za utamaduni na makumbusho. Hapa mjini tuna Makumbusho ya Taifa na tuna Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa hiyo kisingizio cha umbali hakipo. Ikitokea mifupa ya mtu, kila kitu kisimame, shefu aitwe, na asitangulie mtu na simu kupiga picha.

Kwenye ile kazi ya tatu tuliyoipanga hivyo, tulikuta tanuri mbili na shimo la vigae pale walipotaka kurundika udongo. Rundo likasogezwa. Tanuri zikachimbuliwa polepole kwa majuma mawili, mkaa ukafungwa kwenye karatasi ya aluminiamu, vigae vikaoshwa na kupewa namba. Karieri ilifunguliwa mwezi ule ule waliokuwa wamepanga. Mjomba wenu alikuwa anauliza kuhusu kuchelewa, ndiyo nikaitaja.

Kwa sasa, mkiwa mnalima, mkusanye kile jembe linachogonga, kila sehemu ndoo yake, na kijiti cha alama pale kilipotoka. Mkitaka kunionyesha picha hapa, wekeni kiberiti pembeni tuone ukubwa, lakini msitaje mahali. Wanunuzi wa misalaba ya shaba nao wanasoma uzi huu.