Tabibu, Mchawi na Mifupa ya Kijiji

SWALI: Shikamoo kaka. Kundi letu linacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu. Humo mimi ni tabibu. Mwenzangu, mchawi, alifukua makaburi ya kijiji akainua mifupa itusaidie kupigana na majambazi. Kijiji kikaokoka. Nilipomwambia ametenda uovu, akanijibu: “Hata wewe unafufua wafu.” Nani ana haki?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hapo amekubana kweli. Katika toleo la 1989, uponyaji wa majeraha uliwekwa fungu moja na uchawi wa wafu, na ukiugeuza ulijeruhi. Mwaka 2000 ukahamishiwa fungu jingine, 2014 ukahamishwa tena. Kwa hiyo usijitetee kwa mafungu. Hayo ni mambo ya wapanga vitabu.

Mtazame anayeinuliwa. Wewe ukitaka kumrudisha marehemu kwa almasi ya sarafu 500 za dhahabu, roho yake isiporidhia, harudi. Mifupa ile nani aliiuliza? Na wenye makaburi je? Wamesimama pale wanamwona babu yao akipita na mkuki, nanyi mnahesabu dadu tu. Mwendesha mchezo wenu angewapa hao wanakijiji nafasi ya kusema.

Kinachonitisha zaidi ni zile saa 24. Mchawi asiporudia uchawi wake kabla hazijaisha, mifupa haimtii tena, na kwa kanuni hizo hizo ina asili ya uovu. Sasa tuseme mchawi kauawa jioni. Usiku huo watoto wa kijiji wanalala jirani na kitu chenye silaha kisicho na bwana. Hatari hiyo kawabebesha wao, hakujibebesha mwenyewe.

Hata hivyo simhukumu moja kwa moja. Kitabu cha kanuni cha 2014 kinasema kuinua wafu si tendo jema, na kwamba waovu ndio wanaolifanya mara kwa mara. Kwa usiku mmoja, adui akiwa mlangoni, ningemwachia, mradi kukicha mifupa irudi kaburini. Hilo hukuniandikia.

Nawe usijione msafi kwa kuwa mikono yako inatoa nuru. Nimeshaona matabibu wakimponya mateka ili ateswe upya mpaka aseme. Kama mmewahi kufanya hivyo, mwenzako ana la kukujibu. Kama hamjafanya, mkikaa tena mezani muulize kwanza mifupa iko wapi.