Mzee wa 1940 aliyerudishwa 1939, na maswali mengine ya tarehe

SWALI: Mfumo wetu wa kusajili wanachama unamwonyesha mzee aliyezaliwa 1 Januari 1940 kuwa kazaliwa 31 Desemba 1939. Vijana hawapatwi na tatizo hili. Programu ya kuingiza data imeandikiwa UTC+3 (saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa), ile ya kusoma inatumia kanda ya saa iitwayo Africa/Nairobi. Si kitu kimoja?
– Msomaji, Nairobi

JIBU: Leo ni kitu kimoja. Mwaka 1940 haikuwa hivyo. Katika orodha ya kanda za saa ya IANA (taasisi inayoratibu majina na namba za mtandao), ambayo karibu kila kompyuta inaitumia, Nairobi wakati huo ilikuwa mbele ya UTC kwa saa 2 na dakika 45. Saa 3 kamili za kudumu zilianza 1 Agosti 1942. Programu ya kwanza ilichukua usiku wa manane, ikatoa saa 3, ikahifadhi 21:00 UTC ya 31 Desemba. Ya pili ikajumlisha 2:45, ikafika 23:45, siku ileile ya 31. Dakika 15 zimekula siku nzima. Msidhani mkihamia Africa/Dar_es_Salaam mtapona, maana katika orodha hiyo jina hilo linaelekezwa kwenye kanuni za Nairobi.

Kubadilisha kanda hakutatibu ugonjwa wenyewe. Siku ya kuzaliwa haina saa, wala haina kanda. Ni mwaka, mwezi na siku, basi. Kwenye Java tumieni LocalDate, kwenye hifadhidata ya PostgreSQL safu ya aina ya date, na mkiituma kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine itumeni kama maandishi, 1940-01-01, bila sifuri za saa nyuma yake. Kwa data iliyokwisha kuharibika, tenganisheni kwanza rekodi kulingana na programu iliyoziandika. Zile za UTC+3 ziongezeeni saa 3 kamili, chukueni tarehe, saa mtupe. Mkizirekebisha zote kwa mkupuo mtawaharibia waliokuwa sawa.

SWALI: Natengeneza lugha ndogo ya programu kwa ajili ya wanafunzi. Je, aina moja ya data inatosha kwa tarehe na saa? Na ndani yake nihifadhi nini?
– Msomaji, Dodoma

JIBU: Haitoshi. Lugha zilizojaribu kubebesha aina moja kila kitu zimejuta. Date ya Java ya kwanza ilihesabu miezi kuanzia 0 na miaka kuanzia 1900, na mtu yeyote aliyeishika aliweza kuibadilisha mkononi mwa mwenzake. JavaScript iliinakili mwaka 1995, na hadi leo Januari yake ni 0. Java ilipata aina zilizotenganishwa vizuri katika toleo la 8, mwaka 2014.

Anza na nne: nukta ya wakati (kitambo kimoja kilekile duniani kote), tarehe, saa ya siku, na muda (urefu, kama dakika 90). Baadaye ongeza ya tano, yenye tarehe, saa na jina la kanda kwa pamoja. Zote zisibadilike zikishaundwa: kujumlisha siku kuzae thamani mpya.

Nukta iwe sekunde tangu 1 Januari 1970 UTC katika biti 64, pamoja na nanosekunde katika biti 32. Ni baiti 12. Utashawishika kuweka nanosekunde peke yake katika biti 64 ili kubana nafasi. Kwa kumbukumbu za seva inafaa, lakini hesabu hiyo inaanzia 1677 na kuishia Aprili 2262, kwa hiyo kazi za historia haiziwezi. Sekunde katika biti 32 usiziguse kabisa: zinajaa 19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC, na mkopo wa nyumba wa miaka 15 ulioandikwa leo umeshavuka hapo.

Tarehe ihifadhi kama idadi ya siku tangu 1 Januari 1970, katika biti 32. Kupanga na kutoa kunakuwa hesabu ya kawaida. Kazi ipo kwenye kugeuza, na dawa yake ni kuanza mwaka na Machi ili 29 Februari iangukie mwisho. Machi ni 0, Desemba ni 9. Januari ni 10 na Februari ni 11 za mwaka uliotangulia. Siku ndani ya mwaka ni (153 × mwezi + 2) ÷ 5, desimali zitupwe, kisha jumlisha siku ya mwezi na utoe 1. Gawanya mwaka kwa 400: kila fungu kamili ni siku 146,097. Katika miaka iliyobaki (iite b), siku ni 365 × b, jumlisha b ÷ 4, toa b ÷ 100 (hapa pia desimali zitupwe). Jumlisha yote, kisha toa 719,468.

Jaribu kwa 9 Desemba 1961, uhuru wa Tanganyika. Siku ndani ya mwaka ni 283, mafungu ni 4, b ni 361. Lazima upate -2945.

Namba hasi ndizo zitakazokuumbua. Chukua adhuhuri ya siku hiyo kwa saa za hapo: sekunde -254,404,800. Ukigawanya kwa 86,400 unapata -2944.5. C, Java na Go zinakata desimali kuelekea sifuri, unabaki na -2944, na sherehe za uhuru zinahamia 10 Desemba. Unahitaji mgawanyo unaoshuka chini, -2945, unaobakiza 43,200, yaani saa 12 kamili tangu usiku wa manane. Python hushuka chini yenyewe, ndiyo maana msimbo uliopita majaribio huko huharibika ukihamishiwa kwingine.

Aina ya tano ni ya mambo yajayo. Mkutano wa Cairo wa mwakani uhifadhi kwa saa ya Cairo na jina la kanda, usiugeuze kuwa nukta mapema. Serikali hubadilisha saa: Misri ilirudisha saa za kiangazi mwaka 2023, na nukta za miezi ya kiangazi zilizokokotolewa kabla ya hapo zilikosea kwa saa nzima.

SWALI: Mwenzangu ameonyesha saa za Kiswahili kwa kuiweka simu kwenye UTC-3. Saa zinatoka sawa. Kuna ubaya?
– Msomaji, Unguja

JIBU: Upo, na utauona alfajiri. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, simu hiyo itaandika Ijumaa. Saa ya Kiswahili ni namna ya kuandika, na kanda haihusiki. Simu ibaki kwenye UTC+3, kisha wakati wa kuonyesha tumia (h + 6) % 12, ambapo h ni saa ya kawaida kuanzia 0 hadi 23 na % ni baki la kugawanya, na jibu likiwa 0 andika 12. Kama unaandika “kasorobo”, ongeza saa moja kwenye h kwanza, ndipo utumie kanuni: 06:45 inakuwa saa moja kasorobo, si saa kumi na mbili kasorobo. Asubuhi, mchana, jioni au usiku uchague kwa h ya asili.

SWALI: Marejesho ya kikundi yalianza 31 Januari 2025. Kwa nini ya Machi yameangukia tarehe 28?
– Msomaji, Mwanza

JIBU: Mmeongeza mwezi mmoja juu ya tarehe iliyokwisha kupunguzwa hadi 28 Februari. Hifadhini tarehe ya kwanza, na kila rejesho mlikokotoe kutoka hapo: mwezi 1, miezi 2, miezi 3. Machi itarudi 31.

SWALI: Nimepima kazi ikachukua milisekunde -3!
– Msomaji, Kisumu

JIBU: Saa ya kompyuta ilirekebishwa katikati ya kipimo. Tumia saa inayokwenda mbele tu: time.monotonic() kwenye Python, System.nanoTime() kwenye Java. Namba yake usiiweke kwenye faili, maana kompyuta ikiwashwa upya huanza kuhesabu kutoka kwingine, na ya mashine moja hailinganishwi na ya nyingine.