Redio bado ina kazi: niliyoyaona mitamboni

Umeuliza kama redio ina maana yoyote leo, ikiwa habari, muziki na mahubiri vyote viko kwenye simu. Nilikuwa fundi mitambo wa kituo kidogo kwa miaka 11, nitajibu kwa niliyoyaona.

Kwa muziki simu imeshinda, sina ubishi.

Lakini usiku mmoja dhoruba iliangusha nguzo za umeme. Minara ya simu ilijikongoja kwa betri saa chache, kisha ikazimika mmoja baada ya mwingine. Sisi tulikuwa na jenereta na mapipa mawili ya dizeli. Nikashusha nguvu ya mtambo kutoka wati 1,000 hadi 300 ili mafuta yafike siku ya tatu. (Ukishusha nguvu hivyo, umbali wa kusikika haupungui kwa kiasi kilekile, ndiyo maana nilithubutu.) Kulipokucha watu wakaanza kuja kwa miguu na vikaratasi: "Mwambieni mama niko shuleni, ni mzima." Mtangazaji alivisoma kimoja kimoja mpaka sauti ikamkauka, na mlinzi akampokea kipaza sauti. Jioni akaingia mzee, redio ya betri ingali sikioni. Alikuwa amelisikia jina la binti yake akiwa njiani kwenda kumtafuta, akageuza njia kuja kwetu. Hakusema neno, alitushika mikono tu.

Iliwezekana kwa sababu mtambo wa redio hauhesabu wasikilizaji. Wawe mia au laki moja, dizeli inayoungua ni ileile. Kwenye intaneti kila anayeingia anaongeza mzigo, na siku ya balaa wote huingia kwa pamoja.

Wala si sisi tu. Umeme ulipokatika Hispania na Ureno tarehe 28 Aprili 2025, watu walizirudia redio za betri. Machi 2022 BBC iliwasha tena masafa mafupi (mawimbi ya redio yanayofika mbali sana) kwa ajili ya Ukraine, kwa muda wa saa nne kila siku. Wengine hutaja Norwei, iliyozima FM ya vituo vya kitaifa mwaka 2017, kuwa ushahidi kwamba redio imekufa. Sivyo. Vituo vile vilihamia redio ya kidijitali, ambayo nayo hurushwa hewani, na vingi vya mitaa vikabaki FM.

Ninachokiogopa mimi ni vituo vyenyewe. Vingi sasa vikifika usiku huiachia kompyuta ipige nyimbo zilizopangwa, studio imefungwa, hakuna mtu. Kituo cha namna hiyo kingeendelea kupiga muziki wakati maji yanaingia majumbani mwa watu. Kwa hiyo nunua redio ndogo ya betri, halafu ukipigie simu kituo unachokisikiliza uwaulize: umeme ukikatika saa nane za usiku, nani atafungua kipaza sauti?