Kifusi cha matumbawe kwenye kisanduku cha milimita 60

Ndugu, umeuliza kwa nini kifusi cha matumbawe cha huko Likoni kimekupa pembe ya msuguano (kipimo cha jinsi punje zinavyokataa kuteleza) ya digrii 47 kwenye kisanduku cha mkato, kile cha kupimia nguvu ya udongo kwa kuukata kimlalo, cha milimita 60. Kwanza pima punje. Upana wa kisanduku usipungue mara 10 ya punje kubwa kabisa, kimo mara 6. Jiwe la milimita 20 humo hukwama ukutani, ukanda wa mkato, yaani safu ambamo punje huteleza, haupati nafasi, na nguvu husomeka kubwa kuliko ilivyo. Ukisanifu ukuta kwa namba hiyo, unahatarisha watu. Tafuta kisanduku cha milimita 300. Ukilazimika kuyaondoa mawe makubwa kwa kuchekecha, shindilia kwa kiwango kilekile cha msongamano na uandike kwenye ripoti. Matumbawe huvunjika pia: kila kiwango cha shinikizo kipate sampuli mpya, ichekechwe kabla na baada ili uone kiasi kilichovunjika.