Usiingie na Jina la Kaka Yako

Wiki jana nilipata ujumbe kutoka kwa msichana wa Kayole ambaye sitamtaja. Anacheza Tekken, ile gemu ya kupigana mmoja kwa mmoja, anasema anawachapa vijana wote wa mtaa wao, na mwezi ujao kuna mashindano mjini ambayo ada yake ni shilingi mia tano. Swali lake lilikuwa moja: "Dada, nikijiandikisha na jina la kaka yangu kuna shida? Sitaki maneno."

Nilimjibu kwa mistari miwili, halafu nikakaa na hasira hadi usiku wa manane. Yeye hakuwa amenikosea chochote. Ni lile neno lake la mwisho, "sitaki maneno". Najua vizuri ni maneno gani. Basi hili hapa jibu refu, lake na la nyinyi wengine mnaosoma hapa mkiwa na ndoto ile ile: kupanda jukwaani, kulipwa kwa kazi ya vidole vyenu na kurudi nyumbani wazima.

Mimi nilianzia kwa PS ya mtaani, Umoja, yaani chumba cha kulipia kucheza PlayStation, cha mabati, nyuma ya kinyozi. Runinga tatu, viti vya plastiki, na karatasi ukutani iliyosema gemu moja bob ishirini. FIFA, gemu ya mpira, ilikuwa imekalia runinga mbili nzuri. Ile ya pembeni, yenye mstari wa kijani katikati ya skrini, ndiyo iliyoachiwa Tekken kwa kuwa haikuwa na wateja wengi. Mshindi anabaki, aliyeshindwa anainuka na kulipa.

Hakuna aliyenikataza kuingia. Hili nataka mlielewe, maana watu wakisikia habari za wasichana na gemu wanangoja kuambiwa kulikuwa na mtu mlangoni na rungu. Nilikaribishwa vizuri sana. "Karibu madam, unangoja nani?" Kila nikienda nilikuwa nangoja mtu. Kama si mpenzi ni kaka, kama si kaka ni binamu. Lazima kulikuwa na mwanaume aliyenileta. Nikishasema nimekuja kucheza, napewa padi ya wageni, kile kidude cha mkononi cha kuchezea.

Padi ya wageni ilikuwa na kijiti kilicholegea upande wa kushoto. Ukikiachilia, mchezaji wako anaanza kujirudisha nyuma mwenyewe hadi ukutani, na wewe umekaa tu unamtazama. Zile nzima zilikuwa na wenyewe, zimefungwa utepe mweusi kwenye waya, na zilitolewa chini ya kaunta mwenyewe akifika. Nikaachana na kijiti, nikajifunza kwa vile vishale vinne vya pembeni hadi kidole gumba kikaota sugu. Baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba wakali wengi wa Tekken hutumia vishale hivyo hivyo, kwa sababu vinaitika upesi na havikosei upande. Kwa hiyo asanteni kwa padi mbovu, mabwana.

Kati ya wapiganaji wa ndani ya gemu nilimchagua Nina Williams. Nina yuko Tekken tangu ile ya kwanza, 1994. Ni muuaji wa kukodiwa, ana mikono mepesi, na kazi yake ni kuvunja watu viungo. Katika Tekken 7 waliomtengeneza waliamua aingie ulingoni na gauni la harusi. Ndiyo, kuna kisa ndani ya gemu kinachoeleza gauni limetoka wapi, nakijua. Lakini waliosimama nyuma ya kiti changu hawakuwa wakijadili kisa. Ningeweza kumwinua mtu hewani na kumpiga hadi ashuke amekwisha, na maoni ambayo ningesikia ni ya mapaja ya Nina. Halafu yanahama polepole kutoka kwa Nina hadi kwangu.

Mambo haya ni ya zamani. Katika Metroid ya Nintendo, 1986, shujaa Samus Aran anapigana ndani ya vazi la chuma gemu nzima, na wengi walidhani ni mwanaume. Ukimaliza haraka unaonyeshwa kwamba ni mwanamke. Ukimaliza haraka zaidi, unaonyeshwa akiwa na nguo ya kuogelea. Yaani mchezaji hodari anatunzwa kwa kuvuliwa shujaa wake nguo! FIFA nayo ilikaa miaka yote bila wanawake hadi FIFA 16, mwaka 2015, na hata hapo zililetwa timu za taifa 12 tu, bila hata moja ya Afrika. Kisha ikaja EA Sports FC 24, FIFA ile ile kwa jina jipya, wanawake wakachanganywa na wanaume kwenye Ultimate Team, pale unapopanga kikosi chako kwa kadi za wachezaji, na kwa PS yetu kukawa na kilio. Kijana mmoja alifungwa na kadi ya mwanamke akagoma kulipa bob ishirini, eti hiyo si mpira. Mwanamke wa kwenye skrini! Sasa huyo umkalie ubavuni na padi mkononi uone.

Basi nifike kwenye kidonda. Kuna mashindano fulani yaliyofanyika mjini, siyataji, waliohusika wanajijua. Wasichana tulikuwa wawili chumba kizima, na mwenzangu alitolewa mapema. Mimi nikapanda hadi mechi ya kuwania nafasi ya tatu. Mpinzani wangu alikuwa anamtumia Kazuya, mpiganaji mwingine wa Tekken, na Kazuya ana lile teke la chini la kufagia miguu. Ukilila, unaanguka na anakuja juu yako. Ukilizuia umechuchumaa, yeye ndiye anayebaki wazi, na una muda wa kutosha wa kumrusha juu. Raundi za mwanzo nililila sana. Lakini nilikuwa namsoma. Kila akibanwa, alirudi nyuma mara mbili kwa haraka kabla ya kulitoa. Raundi ya mwisho, mimi nimebaki na damu kidogo, yeye hivyo hivyo, akarudi nyuma mara mbili. Nikachuchumaa. Teke likagonga ulinzi. Nikamwinua, na hakugusa chini tena hadi skrini ilipoandika kwamba amekwisha.

Mshereheshaji akashika maiki: "Jamani, kijana amemwonea huruma!" Chumba kikaangua kicheko. Kijana mwenyewe, nampa haki yake, hakucheka. Alisimama akanipa mkono.

Ukafika wakati wa zawadi. Bango lilikuwa limesema nafasi ya tatu ina pesa. Nikaitwa mbele kama "mchezaji bora wa kike", nikakabidhiwa kikapu cha mdhamini: mafuta ya kupaka, sabuni, shampuu. Bahasha ya nafasi ya tatu akapewa yule niliyemshinda, eti ili kila mtu apate kitu. Shampuu, na siku hiyo nilikuwa nimenyolewa na yule yule kinyozi wa mbele ya PS, kichwa kinang'aa! Nilidai pesa zangu kwa simu, kwa ujumbe, kwa kumtuma mtu. Sikuzipata hadi leo. Tangu wakati huo nimeshinda mengine, na makubwa kuliko hayo, lakini jambo hili likinijia nikiwa naosha vyombo, sufuria hutakata kuliko ilivyonunuliwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kayole, nakuelewa. Lakini jina la kaka yako litakuficha hadi jina litakapoitwa na wewe uinuke. Hapo maneno yataanza, tena yakiwa na nguvu zaidi, kwa sababu sasa kuna la kusema: umedanganya. Na ukishinda? Pesa zitaingia M-Pesa ya nani? Mwaka kesho ukitafuta timu au mdhamini, utamwonyesha ushindi wa nani? Jiandikishe kwa jina lako. Lakabu unayotaka ya kupigania weka, hiyo ni haki ya kila mchezaji, lakini iwe yako.

Usidhani pia kwamba ukiwa bora kabisa maneno yataisha. Korea Kusini kulikuwa na msichana wa miaka 17, Kim Se-yeon, anayejulikana kama Geguri, aliyekuwa moto katika Overwatch, gemu ya vikosi ya kufyatuliana risasi, akimtumia mhusika Zarya. Mwaka 2016 wachezaji wa timu pinzani walimshutumu kwamba anatumia programu ya udanganyifu inayomlengea. Ilibidi akae studioni acheze moja kwa moja, kamera ikiwa kwenye mikono yake, watu waone kwamba ni mikono tu. Mwaka 2018 akasajiliwa na Shanghai Dragons, mwanamke wa kwanza kuingia Overwatch League, ligi ya kulipwa ya gemu hiyo. Mwanaume anayelenga vizuri anaitwa hatari. Geguri alitakiwa kuleta ushahidi.

Hapa nyumbani tuna Sylvia Gathoni, QueenArrow, mtu wa Tekken kama sisi. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Marekani, XiT Woundz, huku akisomea sheria. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa kwenye matatu ya Umoja, nikapitiliza stesheni yangu na sikujali. Mkiambiwa na shangazi zenu kwamba gemu ni za watoto wa kiume wasio na kazi, mtajeni Sylvia kwa jina, muongeze na hiyo sheria aliyosomea. Shangazi hunyamaza kwa sheria.

Ushauri wangu mkubwa ni huu, na nitaurudia hadi mchoke: tafuta wenzako kabla ya kutafuta mashindano. Watu watatu wanatosha, wawe wasichana au wavulana wenye akili. Mkicheza pamoja nyumbani kwa mmoja wenu mtajifunza kuliko miezi ya kupewa padi mbovu. Mkienda pamoja, mshereheshaji akifungua mdomo kuna watu wa kupiga kelele upande wako. Kule nilikopewa shampuu nilikwenda peke yangu, na mtu wa peke yake akidai pesa yake huitwa mgomvi.

Kwa gemu za kikosi, kama Call of Duty: Mobile, ni hivyo hivyo. Wengi wenu mnazima maiki kwa sababu mkisema "adui kulia" jibu ni "ala, ni manzi, tuma namba". Nawaelewa. Lakini asiyesema katika gemu ya kikosi anauawa na wenzake hawajui yuko wapi, halafu wanasema wasichana hawajui kucheza. Ingia na watu wako, mjaze kikosi wenyewe, uwe na sauti yako. Mgeni akianza ujinga, mnyamazishe, mripoti, endelea na gemu. Usimjibu. Kujibiwa ndiko anakokutafuta. PS5 huhifadhi dakika tano za mwisho za mazungumzo ya sauti ili uweze kuambatisha kipande chake kwenye ripoti, na wengi hata hawajui. Kama mtu amehamia WhatsApp na Instagram yako na vitisho, piga picha za skrini kabla hajafuta, na ujue kwamba kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kinahusu usumbufu wa namna hiyo.

Na msikubali kuambiwa kwamba ni utani wa vijana wa mtandaoni tu. Riot Games, wenye League of Legends na Valorant, mwaka 2021 walikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi ya wafanyakazi wao wa kike waliolalamikia ubaguzi. Hao ni watu wazima, wenye ofisi na mishahara, ndio wanaozitengeneza hizo gemu. Kijana wa Umoja hakuyaokota maneno yake barabarani.

Vijana mnaosoma hapa, najua mpo, mnanitumia ujumbe wa kubishana kuhusu Nina. Sina haja ya mtu wa kunitetea. Nahitaji mpinzani anayenipa padi nzima, anayenipiga bila huruma kama anaweza, na ambaye mwenzake akianza upuuzi nyuma ya kiti anamwambia anyamaze. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda. Mnaona, mnatazama simu. Halafu mechi ikiisha mnanifuata nje kuniambia "pole, wale ni wajinga". Yaseme ndani, wajinga wakiwepo.

Turudi kwa mashindano ya mwezi ujao. Beba padi yako mwenyewe, hata kama ni ya kuazima, na uijaribu siku moja kabla. Kabla ya kutuma hiyo mia tano, muulize mwandaaji kwa maandishi: zawadi ya kila nafasi ni nini, na je, ni ile ile kwa yeyote atakayeipata? Muulize pia yanaisha saa ngapi. Ratiba ya Nairobi ikisema fainali ni saa kumi, hesabu saa mbili usiku, nauli imepanda na wewe uko mjini na padi kwenye mkoba. Mimi na wenzangu tunachanga gari la kurudi kabla hata ya kujiandikisha, na kama hatuwezi kuchanga hatuendi.

Mwandaaji wa mara ya mwisho alinijibu kwamba mimi ndiye wa kwanza kumuuliza hayo ya zawadi. Nikamwambia basi jibu aliweke kwenye bango. Akaliweka, chini kabisa, kwa herufi ndogo, na siku ya zawadi nilikuwa na picha yake kwenye simu.