Mayai ya Lubumbashi: kiini cheupe, hesabu ya plato na baridi ya mwezi wa saba

Maswali ya safari hii yametoka kwa wafugaji wadogo, wenye kuku hamsini mpaka mia mbili nyuma ya nyumba au kwenye viwanja vya nje ya mji. Yale yaliyofanana nimeyaweka pamoja.

Wateja wangu kwenye soko la komine ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, wanasema kiini cha mayai yangu ni cheupe, eti ninalisha kuku dawa. Mimi ninatumia mahindi na konsantre (chakula cha dukani cha kuchanganyia) tu. (Mama, Katuba)

Mama, ni mahindi, na mahindi hayana kosa. Sisi Katanga tunakula bukari (ugali) nyeupe, kwa hiyo mahindi tunayolima na yale yanayovuka Kasumbalesa kutoka Zambia mengi ni meupe. Rangi ya kiini kuku haitengenezi mwenyewe, anaipata kwenye chakula. Anayekula mahindi ya njano au kudonoa majani, kiini chake kinakuwa cha njano iliyokolea. Anayekula mahindi meupe, kinapauka. Protini ni ile ile.

Ukitaka kuwaridhisha wateja, chukua lengalenga au matembele, funga fungu kwa kamba, ulining'inize usawa wa kichwa cha kuku. Lakini iwe mchana, wakishakula chakula chao, maana majani yanajaza tumbo na kuku aliyeshiba majani anapunguza kutaga. Siku chache tu rangi itaanza kubadilika, na baada ya wiki mbili itakuwa imetulia. Halafu nenda sokoni na sahani, pasua yai moja mwenyewe mbele ya wateja, uwaeleze. Mteja aliyeelezwa vizuri anarudi.

Nina kuku mia moja, ninauza kila siku, lakini mwisho wa mwezi sioni pesa. Nipandishe bei ya plato (trei ya mayai)? (Kijana, Ruashi)

Mdogo wangu, bei iache kwanza, tuingie bandani na mizani. Kuku wa mayai anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku mia wanamaliza kama kilo 12, kwa hiyo gunia la kilo 50 halifiki jioni ya siku ya tano. Sasa sikiliza: wakitaga mayai 80 kwa siku, kila plato ya mayai 30 imekula kilo 4 na nusu za chakula. Wakitaga 60, plato hiyo hiyo imekula kilo 6. Sokoni zinauzwa bei moja! Piga kilo hizo kwa bei unayonunulia chakula, ndipo utajua kama unauza au unagawa. Na hapo bado hujahesabu dawa, usafiri, wala ile karibu miezi mitano ambayo kuku alikula kabla ya kutaga yai la kwanza.

Kwa hiyo tafuta anayekula bila kutaga. Ingia usiku na tochi, wakiwa wametulia kwenye vijiti. Kuku anayetaga upanga wake wa kichwani ni mwekundu na umejaa, tundu la nyuma ni pana na lina unyevu, na vidole viwili au vitatu vinaingia katikati ya mifupa miwili ya nyonga. Asiyetaga upanga wake umesinyaa na umepauka, tundu ni dogo na kavu, na kidole kimoja kinapita kwa shida. Mwekee alama ya uzi mguuni, umpime tena baada ya wiki moja. Akibaki vile vile, muuze kwa nyama.

Angalia pia chombo cha kulishia. Ukikijaza mpaka juu, kuku wanachimba na kumwaga. Kisizidi nusu, na ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku. Panya wanaokuja usiku nao wanakula kwa hela yako.

Jambo la mwisho linaumiza wengi mjini kwetu. Chakula cha kuku bei yake inafuata dola, wewe unauza mayai kwa franka. Ukizilaza franka chini ya godoro wiki tatu, dola ikipanda umepoteza. Pesa ikifika bei ya gunia, nunua gunia siku hiyo hiyo. Na madeni: mwenye malewa (kibanda cha chakula) ambaye hajalipa plato ya jana, leo asipewe nyingine, hata kama ni jirani. Ukishafanya haya yote kwa mwezi mzima, ndipo tuzungumze bei.

Mzee wangu anachukua mayai kuwapa wageni na ndugu zake. Nikimwuliza inakuwa ugomvi. (Mama, Kampemba)

Mama, kupokea mgeni ni heshima ya nyumba, na hilo usiliguse. Gusa daftari. Andika kila yai linalotoka bandani: ya soko ukurasa huu, ya nyumba ukurasa ule, pamoja na yale unayowapikia watoto. Usimwonyeshe siku ya hasira. Ngoja mwisho wa mwezi, ameshakula, ametulia, umfungulie kurasa zote mbili na risiti ya gunia, umwulize yeye kama mwenye nyumba tutenge mangapi kwa wiki. Mzee aliyetoa idadi kwa kinywa chake mwenyewe anailinda. Yaliyopata ufa yabaki nyumbani, yapikwe siku hiyo hiyo mpaka yaive kabisa.

Bila jogoo kuku watataga?

Watataga, na mayai yatakaa vizuri zaidi kwa sababu hayana mbegu. Jogoo ni wa mtu anayetaka vifaranga.

Kila mwezi wa sita na wa saba mayai yanapungua. Mwaka huu nimeweka mbabula (jiko la makala) ndani usiku ili wapate joto. (Papa, njia ya Kipushi)

Papa, toa mbabula hiyo leo. Moshi wa makala kwenye banda lililofungwa unaua kuku, na unaweza kumwua mtu anayeingia kuwaangalia. Usiku wetu wa kiangazi unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, lakini kuku mzima mwenye manyoya makavu anavumilia. Kinachomshinda ni upepo na maranda yaliyolowa. Ziba kwa magunia upande wa kusini-mashariki, upepo unakotoka, ila juu uache nafasi hewa ipite. Ukiingia asubuhi macho yakawasha, umeziba kupita kiasi.

Mayai yanapungua pia kwa sababu ya mwanga. Kuku anataka saa 14 hadi 16 za mwanga ili atage vizuri, na mwezi wa sita jua letu halifiki saa 12. Taa ndogo ya sola inatosha kuongeza, maana umeme wa SNEL unakatika. Iwake saa zile zile kila siku. Leo ikiwaka, kesho isipowaka, kuku wanachanganyikiwa na wengine wanaanza kunyonyoka manyoya. Na maji ya baridi sana hawanywi vizuri. Wape yaliyotoka kisimani asubuhi hiyo.

Kuku walikuwa wanakohoa, nikawapa antibiotiki kwenye maji. Mayai ya siku hizo ninaweza kuuza? (wasomaji wawili)

Hapana. Dawa inaingia kwenye yai, na yai analila mtoto wa mtu. Soma kwenye chupa siku za kungoja, au mwulize veterineri. Ikiandikwa kwamba si ya kuku wa mayai, usiitumie. Na kama kikohozi hicho ni ugonjwa wa Newcastle (kideri), antibiotiki haitawaponya, maana ni virusi. Kinga yake ni chanjo inayorudiwa kila baada ya miezi michache. Chanjo ya kunywesha usiitie kwenye maji ya Regideso yaliyotoka bombani muda huo huo, klorini inaiua. Tumia ya kisima, safi, na chanjo ibaki kwenye barafu mpaka dakika ya mwisho.

Nioshe mayai kabla ya soko?

Usioshe. Ganda lina utando unaozuia vijidudu, na maji baridi yanavivuta ndani. Pangusa kwa kitambaa kikavu, na ubadilishe majani ya viota mara kwa mara.