Ramani ya simu Lamu

Ndugu yangu, umeuliza kama ramani ya simu itakutosha Lamu. Mpaka Mokowe, basi linapoishia, sawa. Ukishavuka kwa boti ukaingia mitaani, itie mfukoni. Vichochoro vyembamba, kuta za mawe zimepanda juu, simu haizipati setilaiti vizuri. Kile kidoti cha buluu kinaruka nyumba hadi nyumba. Juzi mgeni alisimama mlangoni kwetu akishikilia kwamba hapa ndipo hoteli yake. Tukampa maji, mtoto akampeleka. Ukipotea, fuata mtaro unakoteremkia, utatokea baharini. Na ukisikia "similla!" nyuma yako, jibanze ukutani upesi, punda amebeba matofali.